Kufuta faili si kuimaliza: siri zinazobaki ndani ya kompyuta za okazioni

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati vita viliingia Goma, maofisi na madepo ya mashirika yaliporwa. Watu walihesabu unga, magari, viti. Kuhusu kompyuta, wengi walihesabu bei tu. Lakini kwa shirika linalosikiliza wanawake waliobakwa ao mashahidi wa mauaji, mashine yenyewe ni kitu kidogo. Kikubwa ni majina, mitaa na nambari za telefone zilizo ndani.

Na si lazima vita. Mradi ukiisha, mashine zinauzwa ao zinagawiwa, zinafika kwa wauzaji wa okazioni. Mbele ya kuuza, mtu anafuta faili, anamwaga kikapu cha takataka, anaona kazi imeisha. Haijaisha.

Kompyuta ikiambiwa ifute, inaondoa tu jina la faili katika daftari lake. Ni kama shefu wa avenyu kufuta nyumba katika kaye yake: nyumba ingali imesimama, na mwenye kupita anaweza kugonga mlango. Programu za bure za kurudisha faili zinafanya kazi hiyo ya kugonga. Kuformati kwa haraka nako hakuendi mbali zaidi. Huko Marekani, watafiti wawili wa chuo cha MIT walinunua diski 158 za okazioni na wakaandika matokeo mwaka wa 2003: katika 129 zilizokuwa zikifanya kazi, 12 tu ndizo zilikuwa zimesafishwa vizuri. Kwa zingine walikuta barua, habari za wagonjwa na maelfu ya nambari za kadi za benki.

Kwa diski ya zamani, ile inayozunguka, dawa ni kuandika juu ya kila sehemu yake. Mara moja inatosha. Ile hadithi ya mara 35 inatoka kwa diski za miaka ya 1990. Kwenye Windows, kuformati kamili, si ile ya haraka, kunafanya hivyo. Shida ya kwetu ni kurant: diski kubwa inachukua masaa mengi, na umeme ukikatika kazi inabaki nusu.

Diski mpya za SSD ni jambo lingine. Zenyewe ndizo zinachagua mahali pa kuandika, kwa hiyo ukiandika juu ya faili moja, nakala ya kwanza inaweza kubaki pembeni. Hapo inafaa kufunga diski nzima kwa ufunguo wa siri tangu siku ya kwanza, kwa BitLocker ao VeraCrypt, ambayo ni ya bure. Ufunguo ukiharibiwa, kinachobaki ni herufi zisizosomeka. Mashine ikiharibika kabisa, kupasua ekrani hakusaidii kitu. Diski ndiyo inapaswa kutobolewa, na kwa SSD vijidude vyake vyeusi vya kumbukumbu vivunjwe kimoja kimoja.

Tena si kila kitu cha kufuta. Sheria ya OHADA, ambayo Kongo iko ndani yake tangu 2012, inaomba hesabu zilindwe miaka 10, na ushahidi unaongojewa na tribinali hauchomwi. Lakini Kodi ya Dijitali ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 nayo inalinda habari za watu. Mashirika mengi yanachanganya yote katika mashine moja: fakitire na orodha ya wahanga, dosie moja. Siku ya kukimbia, nani atatenganisha?

Ufunguo pia una mpaka wake. Mwenye bunduki akimwomba mtu neno la siri, mtu atalitoa, na hakuna wa kumlaumu. Kwa hiyo majina yasiyo ya lazima yasiandikwe, nambari ya dosie itumike mahali pa jina, na orodha inayounganisha viwili hivyo isilale katika ofisi ileile. Kisha kuna flashi, kuna WhatsApp ya sekretere, kuna nakala iliyotumwa kwa imeli Kinshasa. Hizo hakuna nyundo inayozifikia.