SEHEMU YA 4: MIONZI YA SIMU SIYO MWIZI UNAYEMTAFUTA

Mama zangu, jana kliniki mama mmoja kanionyesha stika mgongoni mwa simu yake. "Nesi, hii inazuia mionzi isimharibu mtoto ubongo." Kainunua elfu kumi na tano. Wakati ananieleza, mwanawe wa mwaka na nusu kaishika simu hiyo hiyo anaangalia katuni. Namwita jina, hageuki.

Nasema wazi, hata mkininunia: hapo umeibiwa.

Mionzi ya simu siyo ya eksirei. Ya eksirei inaweza kuharibu vinasaba ndani ya seli. Ya simu haina nguvu hiyo. Ni kweli, mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO iliiweka kundi la "huenda" inasababisha saratani. Kundi hilo lina hata achari za mboga za Asia. Mwaka 2024 uchambuzi mkubwa ulioagizwa na WHO haukuona uhusiano wa simu na saratani ya ubongo. Na kwamba mawimbi hupunguza akili ya mtoto, ushahidi thabiti haupo.

Bado unaogopa? Ongea kwa spika, simu ikae mbali na kichwa. Ni bure. Stika ingeziba mawimbi kweli, simu ingeongeza nguvu kuutafuta mnara.

Sasa mwizi mwenyewe. Mtoto anajifunza kuongea kwa kuongeleshwa: anatoa sauti, unamjibu, anakutazama mdomo. Katuni haimjibu. Saa nzima ya simu ni saa nzima ya maneno yako ambayo hakuyasikia, na ikiwa usiku, usingizi nao umekwenda. WHO walisema mwaka 2019: chini ya miaka 2, skrini hapana. Miaka 2 hadi 4, isizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ndiyo bora.

"Nesi, nitapikaje akilia?" Najua, nami nina wawili. Mpe sufuria tupu na mwiko, akae mbali na moto, apige kelele huku unamsimulia unachokata. Na baba akirudi, naye aweke simu chini.

Mtoto haitiki jina lake? Mlete tumpime masikio na ukuaji. Usikae nyumbani unasingizia mionzi.

Muuza stika anapenda hofu yako, maana ina bei. Kuongea na mwanao hakuna anayekuuzia, ndiyo maana hakuna anayekutangazia.

Kesho Sehemu ya 5: kumlaza mtoto bila simu.