Balungi, ukakasi na bia ya moto

Katika baa za Kariakoo na Ilala, mteja akishataja jina la bia anayoitaka huulizwa jambo moja zaidi: "Ya moto au ya baridi?" Ya moto haikupashwa popote. Ni ile iliyoshinda kwenye kreti, nje ya friji. Mhudumu huileta na kizibo chake, mteja huigusa kwa kiganja, huridhika au hugoma, ndipo inafunguliwa mbele ya macho yake. Akishapiga funda la kwanza, kizibo hurudishwa juu ya mdomo wa chupa ili nzi asiingie, na mkono wa mtu pia.

Mgeni hucheka akiliona hilo. Bia ya moto, Dar es Salaam, kwenye joto la nyuzi 30! Lakini ipo aina moja ya bia ambayo mbele yake mzee wa "ya moto" yuko karibu na ukweli kuliko kijana anayedai chupa iliyoota barafu. Ni ile inayoitwa peli eli, bia ya rangi ya shaba au dhahabu iliyoiva, ambayo viwanda vidogo duniani kote vimeifanya kuwa kadi yao ya utambulisho. Kampala wapo Banange, Kenya wapo Bateleur, na Dar es Salaam yenyewe wapo Crafty Dee's. Hapa jijini, bia za namna hiyo hunywewa zaidi upande wa Masaki na Oysterbay kuliko Kariakoo, na husifiwa kwa Kiingereza. Ndipo watu wakaamini kwamba kuionja na kuihukumu ni elimu ya watu wa huko. Si kweli. Msamiati wa kazi hiyo umelala sokoni Kariakoo, na haujawahi kuhama.

Kwanza bia yenyewe. Laga, ambayo ndiyo karibu kila bia maarufu ya Tanzania, huchachushwa kwa hamira inayopenda ubaridi na kufanya kazi taratibu. Eli huchachushwa kwa hamira inayopenda joto la wastani, nyuzi 18 hadi 22 hivi, nayo huacha harufu za matunda nyuma yake. Peli eli ilipata sifa Uingereza, hasa mji wa Burton upon Trent, baada ya watengenezaji kujua kukausha kimea cha shayiri kwa moto usio na moshi, hivyo bia ikatoka na rangi nyepesi. Wamarekani waliipokea na kuibadilisha. Mwaka 1980, huko Chico, California, kiwanda kidogo cha Sierra Nevada kilianza kupika peli eli iliyojaa maua ya hopsi (yaletayo uchungu na harufu) ya aina ya Cascade, iliyoanza kutolewa kwa wakulima mwaka 1972. Wataalamu wakaandika kwamba inanukia tunda moja ambalo Mmarekani hulila asubuhi kwa kijiko. Kwa Kiswahili tunda hilo ni balungi, na mwenye pua hahitaji kwenda California kulijua.

Waamuzi wa bia wana fomu yao. Ile inayotumika zaidi, ya mpango wa kuthibitisha waamuzi ulioanza Marekani mwaka 1985, ina alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya bia mdomoni 5, na jumla ya yote 10. Hebu mtu azitazame hizo alama tatu za mwonekano. Rangi, ung'avu, povu linalosimama na matone ya maji yanayoteremka kwenye glasi ndivyo vinavyojaza mabango ya bia barabarani, na kwa mwamuzi vyote hivyo havifiki hata sehemu moja ya kumi. Harufu pekee ina thamani mara nne. Na harufu ndiyo anayoipoteza kila anywaye kwa kutumbukiza shingo ya chupa mdomoni, maana pua hubaki nje ya shughuli nzima.

Kwa hiyo bilauri. Safi, isiyonuka sabuni, isijazwe zaidi ya nusu. Mwonjaji huizungusha kidogo, hunusa mara mbili tatu za haraka kabla ya kunywa, maana harufu nyepesi hukimbia mapema. Kisha funda dogo, lizunguke ulimi wote, na limezwe. Mwonja divai anaruhusiwa kutema. Mwonja bia humeza, kwa sababu uchungu wa hopsi husikika vizuri ukishapita kooni na kuacha alama yake nyuma.

Hapo ndipo Kiswahili kinapotembea kifua mbele. Mswahili hachanganyi chungu na kali, wala kali na chachu. Shubiri ni chungu. Pilipili ni kali. Ndimu na ukwaju ni chachu. Na kuna hisia ya nne, ile ya ulimi kukauka na kukunjamana kana kwamba umefutwa kwa kitambaa, ambayo vitabu vya bia huieleza kwa kuzunguka sana. Mtoto yeyote aliyewahi kula bibo au kuuma ndizi mbichi anaiita kwa neno moja: ukakasi. Katika peli eli ya Kimarekani, uchungu unatakiwa, tena kwa kipimo kinachojulikana, vizio 30 hadi 50 vya uchungu, kileo kikiwa asilimia 4.5 hadi 6.2. Ukakasi ni kosa. Mara nyingi maana yake mpishi aliyasuuza maganda ya shayiri kwa maji ya moto kupita kiasi au akayakamua kwa uchu, yakatoa yasiyotakiwa. Anayejua kutenganisha hayo mawili ameshamaliza nusu ya kazi ya uamuzi.

Wapo wanaosema Waafrika hawapendi bia chungu. Hao hawajakaa kijiweni. Wakati wa magharibi, Kariakoo, mabenchi ya kahawa hujaa watu ambao wengi wao hawagusi kilevi maishani, na kinachopita mkononi mwao ni kikombe kidogo kisicho na sukari, cheusi, chungu kwelikweli, pamoja na kipande cha kashata. Kashata huja kwanza, au baada, kila mtu na mazoea yake. Utamu na uchungu vinashikana mikono, na kimojawapo kikizidi mnywaji hukunja uso. Mizani ya peli eli ni hiyohiyo: kimea kilete utamu wa mkate uliochomwa, hopsi ilete uchungu, na mwisho mdomo ubaki mkavu ukitaka funda lingine. Huko Kilimanjaro nako, mbege haikungoja hopsi kutoka Ulaya. Ndizi na kimea cha ulezi vilitiwa uchungu kwa magome ya msesewe, na bibi aliyezidisha magome aliambiwa waziwazi na wazee waliokaa chini ya mgomba.

Kwenye kasoro, soko lina mfano wa kila moja. Bia inayonuka siagi au bisi imeondolewa mapema kwenye pipa, kabla hamira haijamaliza kusafisha uchafu wake yenyewe; mpishi alikuwa na haraka. Inayonuka mahindi ya kuchemsha haikuchemshwa vizuri. Inayonuka tufaha bichi bado changa. Inayonuka boksi lililolowa mvua imezeeka, hewa imeshaiingia. Na ile inayonuka kicheche ilipigwa na mwanga. Mwanga hugeuza viambato vya hopsi kuwa uvundo kwa muda mfupi tu, ndiyo sababu chupa ya kahawia ni kinga bora kuliko ya kijani, hata kama ya kijani hupendeza mezani.

Adui mkubwa hapa lakini ni joto. Kreti likipakiwa kwenye guta saa saba mchana, likakwama katika foleni ya Mtaa wa Kongo, likashushwa kwenye stoo isiyo na dirisha, laga inaweza kuvumilia kiasi. Peli eli haivumilii. Kinachokufa kwanza ni harufu ileile ya balungi iliyofanya bei iwe juu. Wagema wa pwani wanaijua hesabu hii vizuri: tembo la mnazi ni tamu asubuhi, kali jioni, na likilala sana huwa siki. Hakuna mnywaji wa mnazi asiyeuliza limegemwa lini. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo akiuziwa bia ya bei mara mbili hulipa kimya, na kwenye chupa hukuta tarehe ya kuharibika tu, bila siku ya kuzaliwa.

Haki itendeke pia kwa upande mwingine. Tanzania Breweries, iliyoanzishwa mwaka 1933 na ambayo kiwanda chake kiko Mchikichini, mwendo wa miguu kutoka sokoni, hutengeneza laga isiyo na mbwembwe, na kuifanya chupa ya leo ifanane na ya mwaka jana ni ufundi mgumu kuliko watu wanavyodhani. Laga haina pa kujificha: siagi kidogo tu, kila mtu anasikia. Baadhi ya wapishi wadogo, kinyume chake, huficha makosa nyuma ya hopsi nyingi, na mteja akilalamika huambiwa kwamba ndivyo bia ya mikono ilivyo na kwamba ulimi wake haujazoea. Hilo ni jibu la muuza nyanya aliyeficha zilizooza chini ya tenga. Ulimi wa Kariakoo umezoea mambo mengi.

Wengine watasema bia ni ya kupunguza mawazo, si mtihani wa darasa la saba. Sawa. Lakini hakuna anayenunua embe bila kulinusa kwenye kikonyo, na embe ni rahisi kuliko bia hizi kwa mbali.

Linabaki suala la moto na baridi. Peli eli huonjwa vizuri kwenye nyuzi 7 hadi 10 hivi. Ikitoka friji ya baa ikiwa karibu na kuganda, ulimi hufa ganzi na harufu hulala. Ikiachwa kwenye joto la Dar, povu hutoka kwa fujo na kileo hupanda puani. Dawa ni kuitoa kwenye friji na kuiacha mezani dakika chache, kizibo kikiwa bado juu yake, muda wa kusalimiana na kuulizana habari za nyumbani. Mteja wa Kariakoo adai vitu viwili zaidi kabla hakijang'olewa: bilauri safi, na tarehe bia ilipopikwa. Asipopewa, aagize laga yake, ya moto kama kawaida.