El Cid: Sayyid Aliyefanywa Adui wa Waliompa Jina

Katika filamu ya El Cid, iliyotolewa mwaka 1961, maiti anashinda vita. Rodrigo Díaz wa Vivar, shujaa wa Uhispania, amekufa usiku kwa jeraha la mshale. Asubuhi watu wake wanamvisha deraya, wanamfunga barabara juu ya farasi mweupe, lango la mji wa Valencia linafunguliwa, naye anatoka mbele ya jeshi kana kwamba yu hai. Adui wanapomwona wanapigwa na bumbuazi, wanatawanyika ufuoni.

Mara ya kwanza niliiona filamu hiyo nikiwa kijana, hapa Mombasa, miaka ya 80, kwa kanda ya video nyumbani kwa jirani. Tulijaa mkekani toka ukutani hadi mlangoni. Maiti alipotoka langoni tulipiga makofi hadi viganja vikawaka. Mzee mmoja aliyeketi nyuma yetu akauliza kwa sauti ya taratibu: "Wanangu, mwampigia makofi nani? Hao wanaokimbia ndio wa kibla kimoja na nyinyi."

Swali hilo sikulijibu siku ile. Leo nalirudia, kwa kuwa visa vya mafarisi wa kale havijazeeka. Mwaka 2005 tuliletewa Kingdom of Heaven, ya Salahuddin na Baitul Mukaddas. Mwaka 2020 Waspanish wakamrudisha Rodrigo katika mchezo wa mfululizo, na mwaka 2021 ikatoka The Green Knight, kisa cha Waingereza cha karne ya 14. Vijana wetu wanavitazama katika simu zao, wala hakuna mzee nyuma yao wa kuwauliza lolote.

Basi tuanze na mvuto wenyewe. Ni kitu gani kinachomfunga mtu saa tatu mbele ya kisa cha Mkristo aliyekufa mwaka 1099? Wengine watasema panga na farasi. Mimi nasema ni kiapo. Mfalme Sancho ameuawa, na nduguye Alfonso anataka kukaa kitini. Wakubwa wote wanapiga magoti, ila Rodrigo. Yeye anamtaka Alfonso aape mbele ya watu kwamba hakuwa na mkono katika kifo cha nduguye. Mfalme anaapa, uso umemwiva kwa hasira, kisha anamfukuza Rodrigo nchini. Wanavyuoni wa historia wanatwambia kuwa kisa cha kiapo hicho hakimo katika maandishi ya zama zake; kilikuja zaidi ya miaka mia moja baadaye. Lakini hapana ajabu kwamba watu walikitunga na kukihifadhi. Kila aliyewahi kusimama mbele ya meza ya mkubwa, haki yake mkononi na ulimi mzito, angependa kumwona mtu mmoja akimwapisha mkubwa huyo.

Nasi wa pwani hatuna haja ya kufunzwa ladha hiyo. Tunaye Fumo Liyongo, ambaye kisa chake Muhamadi Kijumwa wa Lamu alikitia katika utenzi mwaka 1913. Liyongo naye aliwindwa na mtawala wa Pate aliyeihofia nguvu yake na mapenzi ya watu kwake. Naye pia, alipochomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe, alikufa akiwa amepiga goti, mshale umo utani, na watu wa mji wakaogopa kwenda kisimani kuteka maji wakidhani yungali hai. Msomaji, tazama jinsi maiti wawili hawa wanavyofanana! Mmoja yuko juu ya farasi Valencia, mwingine yuko kisimani huku kwetu, na wote wawili wanawatisha walio hai. Dhuluma ya mtawala ndiyo iliyowatoa wote wawili.

Lakini tofauti ipo, nayo ndiyo kiini cha makala haya. Katika kisa cha Liyongo hakuhitajiwa adui wa dini nyingine ili shujaa awe shujaa. Na hebu sikia jambo hili: hata kisa cha Rodrigo chenyewe, katika utenzi wa kale wa Waspanish uliotungwa karibu na mwaka 1200, waovu wakubwa ni mabwana wa Kikristo, wakwe zake waliowapiga binti zake na kuwatupa msituni. Na miongoni mwa rafiki zake waaminifu yumo Mwislamu, Abengalbón wa Molina, ambaye wakwe hao hao walikula njama ya kumwua.

Historia nayo yasema zaidi. Alipofukuzwa mwaka 1081, Rodrigo alikwenda Zaragoza kwa wafalme wa Kiislamu, akawatumikia karibu miaka mitano. Mwaka 1082, huko Almenar, alipigana chini ya bendera ya Mu'tamin na kumteka Mkristo mwenziwe, mtawala wa Barcelona. Hata hilo jina Cid ni letu: ni Sayyid, au Sidi kama wasemavyo Waarabu wa Magharibi, neno lile lile tunalowaitia masharifu wetu. Filamu inakiri kwamba jina alipewa na Mu'tamin, na hata inamweka Mu'tamin upande wa shujaa hadi mwisho. Kwa hiyo yule mzee wa mkekani hakuona yote. Waliokuwa wa kibla kimoja nasi walikuwako pande zote mbili.

Pamoja na hayo filamu imepunguza na kuongeza. Yusuf bin Tashfin, amiri wa Murabitun, amevishwa nguo nyeusi na kufanywa mtu anayetaka kuimeza dunia. Hatwambiwi kuwa mwaka 1086 alivuka bahari kwa kuitwa na wafalme wa Andalusi wenyewe, baada ya Alfonso kuutwaa mji wa Toledo mwaka 1085. Tena katika filamu Rodrigo anawarushia watu wa Valencia mikate juu ya kuta. Katika historia aliuzingira mji huo hadi watu wakafa kwa njaa, akauingia mwaka 1094, na mwaka uliofuata akamchoma moto kadhi wake, Ibn Jahhaf. Na ule ushindi wa maiti haukuwako: mkewe Jimena aliushika mji hadi mwaka 1102, Wakristo wakauhama na kuutia moto, Murabitun wakaingia.

Ni nani aliyehitaji kisa kikatwe hivyo? Filamu ilipigwa Uhispania wakati wa utawala wa Jenerali Franco, na askari wa jeshi lake walicheza humo. Franco ndiye aliyezindua sanamu ya El Cid mjini Burgos mwaka 1955. Alipenda kulinganishwa na shujaa huyo mwokozi wa Ukristo, ilhali mwaka 1936 alianza vita vyake akiwa na maelfu ya askari Waislamu kutoka Morocco! Na mwaka 2019 chama cha Vox kilianzia kampeni yake Covadonga, mahali panapokumbukwa kwa ushindi wa Wakristo juu ya Waislamu katika karne ya 8. Kisa kilichozaliwa na manung'uniko ya mnyonge juu ya mfalme wake kimegeuzwa fimbo ya wafalme juu ya wageni.

Tusijione sisi tumesalimika. Mwaka 1963 Youssef Chahine wa Misri alimtengeneza Salahuddin wake, filamu nzuri kwa sanaa, lakini shujaa yule Mkurdi amefanywa bingwa wa umoja wa Waarabu, sawa na siasa ya Misri ya siku zile. Kila mwenye nguvu humshonea maiti kanzu ya kipimo chake.

Mizani iliyo sawa niliikuta kwa Ibn Bassam, mwanachuoni wa Andalusi, aliyeandika miaka michache tu baada ya Rodrigo kufa. Alimlaani kwa mateso aliyowapa Waislamu wa Valencia. Kisha, bila ya kufuta laana yake, akakiri ushujaa wake na uthabiti wake, akamhesabu miongoni mwa maajabu ya Mwenyezi Mungu. Huo ndio uadilifu tuliofunzwa chuoni, kwamba chuki isimnyime mtu haki yake.

Basi wazazi, msiwazimie watoto filamu hizi. Kaeni nao mkekani. Waulizeni ni nani aliyevishwa nguo nyeusi, na kwa nini. Na nani aliyempa shujaa jina lake. Mimi nikiiona tena, mfalme atakapoapishwa nitapiga makofi kama zamani. Maiti atakapotoka langoni, mikono nitaiweka magotini.