Hakuna Harufu ya Kiume

Wacha niseme mapema, ili wa kukasirika akasirike mapema: hakuna kitu kinaitwa harufu ya kiume. Kuna ua, kuna gome la mti, kuna utomvu, kuna ganda la chungwa, na kuna molekyuli zinazopikwa maabara. Halafu kuna mtu wa matangazo aliyeketi mahali akaamua kwamba hii itiwe kwenye chupa nyeusi yenye pembe, na ile itiwe kwenye chupa ya waridi yenye utepe. Sisi vijana wa Nairobi, Mombasa na Kisumu tunamlipa huyo mtu doo ambayo ingetoa kodi ya bedsitter, kisha tunamshukuru.

Sina shida na mwanaume kunukia vizuri. Nayapenda marashi kupita kiasi. Shida yangu ni vile tunavyoyanunua. Jamaa anaingia dukani, anauliza, "Ile inashika sana ni gani?" Au anatoa simu na kuonyesha video ya dakika moja, ya Mmarekani anayeapa kwamba ukijipulizia hii, wanawake watakusimamisha barabarani. Analipa. Hajui kilichomo ndani, hajangoja hata dakika kumi aone itageuka nini kwenye ngozi yake. Kiatu tunajaribu, tena tunatembea nacho hatua mbili tatu. Marashi ya elfu kumi na kitu tunanunua kwa imani.

Tuanze na hilo jina. Sote tunasema "cologne" kana kwamba ni neno la kiume la pafyumu. Cologne ni mji, uko Ujerumani. Mwaka wa 1709 familia ya Farina kutoka Italia ilifungua biashara pale, na Johann Maria Farina akauza maji mepesi yenye harufu ya machungwa na ndimu, akayapa jina la mji uliompokea. Wanaume waliyapaka, wanawake waliyapaka. Napoleon, mtu wa vita na mizinga, aliyatumia kwa wingi na hakuna aliyemuuliza kama ni ya kiume.

Ukuta ulikuja baadaye. Angalia Old Spice, ile harufu ambayo watu wengi wanaijua kama harufu ya baba. Bidhaa ya kwanza ya jina hilo ilitoka 1937, na ilikuwa ya wanawake. Ya wanaume ilifuata 1938. Baba alikuja wa pili. Ilipofika 1994, Calvin Klein wakatoa CK One, chupa ya kila mtu, ikauzwa kama mapinduzi. Mapinduzi gani sasa? Walikuwa wamerudi tu kwa Farina.

Na kama bado unashikilia kwamba waridi ni la kike, nikutajie Fougère Royale ya Houbigant, ya 1882, ambayo ndiyo babu wa marashi mengi yanayoitwa ya wanaume. Ndani yake mlikuwa na lavenda, jeranio, na kumarini, molekyuli ya kutengenezwa yenye harufu ya nyasi kavu. Jeranio ina geranioli. Waridi nalo lina geranioli. Ile harufu ya "kinyozi", ya mwanaume aliyetoka kunyolewa akapigwa shavu, imebeba binamu wa waridi mfukoni miaka yote hii.

Sasa tuje kwa nota, maana hapo ndipo tunapoibiwa mchana. Utaambiwa marashi yana nota za juu, za kati na za msingi. Hilo ni kweli, na sababu yake ni rahisi: molekyuli nyepesi huruka haraka, nzito hukawia. Ndimu, bergamoti na chungwa ni nyepesi. Unazisikia mara tu unapopuliza, na baada ya robo saa au nusu saa zimeenda zake. Kisha huingia za kati, maua na viungo kama iliki na mdalasini, zinazokaa saa chache. Mwisho hubaki msingi: sandali, mwerezi, vanila, miski, ubani, pachuli. Hizo ndizo utakazolala nazo, na ndizo mama atakazozisikia ukifika nyumbani jioni.

Muuzaji anajua hivyo. Ndiyo maana anakupulizia kwenye kipande cha karatasi, unanusa, unatabasamu, anakuambia "hii ni yako, boss." Umenunua dakika kumi na tano. Saa nane zinazobaki hujawahi kukutana nazo.

Kingine ambacho hakisemwi dukani: nota si viungo. Nota ni maelezo ya harufu. Ukisoma "ngozi", hakuna ng'ombe aliyeguswa. Ukisoma "bahari", hakuna aliyechota maji Nyali. Mara nyingi hiyo ni Kaloni, molekyuli iliyogunduliwa na wakemia wa Pfizer mwaka wa 1966. Na kwenye boksi lenyewe kampuni huruhusiwa kuficha mchanganyiko wake wote nyuma ya neno moja, "parfum", na kuongeza majina machache ya vitu vinavyoweza kuleta mzio. Kwa hivyo ule ushairi kwamba hii chupa ina mbao za msitu wa usiku na moshi wa jangwa, usome kama unavyosoma ahadi za kampeni.

Sasa sehemu inayoniuma.

Katika karne ya 10, msafiri Mwarabu al-Masudi aliandika kwamba ambari bora kuliko zote hupatikana kwenye pwani ya Zanji. Hiyo ni pwani yetu. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi, huelea baharini mpaka mawimbi yaitupe ufuoni, na kwa karne nyingi watu wa huku waliiokota na kuiuza ng'ambo. Mwaka wa 2015 Dior walitoa Sauvage, na moyo wa Sauvage ni ambroksani, molekyuli ya maabara inayoiga harufu ya ambari. Mimi sipingi maabara, nyangumi wapumzike. Ila nikimsikia kijana wa Kilifi akiniambia Sauvage ndiyo harufu ya "kizungu", nashindwa nianzie wapi.

Udi ni hivyo hivyo. Mti wake ni wa Asia, sikatai. Uliletwa na majahazi na pepo za msimu. Lakini Waswahili wameuchoma kwenye chetezo vizazi na vizazi, wakafukiza kanzu, shuka na nywele. Kwenye maulidi ya Lamu, wanaume wazima, wazee wenye ndevu, hunyunyiziwa marashi ya waridi kutoka kwenye mrashi, na hakuna anayeshtuka. Duka kubwa za Ulaya ziliamka juzi: Yves Saint Laurent wakatoa M7 mwaka wa 2002, Tom Ford akafuata na Oud Wood 2007. Leo neno Oud likiandikwa kwenye chupa, bei inapanda ghorofa.

Lakini ule udi wa chetezo, huku bara, una jina jingine. Unaitwa harufu ya mganga. Unaitwa harufu ya majini. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi Nairobi, mwenzetu kutoka Pwani aliitwa kando na msimamizi akaambiwa kwamba nguo zake "zinasumbua wateja". Mamake alikuwa akimfukizia mashati kila Jumapili kabla ya wiki kuanza. Msimamizi mwenyewe alikuwa na chupa iliyoandikwa Oud, na kila asubuhi mtu hakosi kumwambia ananukia kama pesa. Yule mwenzetu aliacha kufukiza. Akanunua deodoranti ya supermarket, na shauri likaisha.

Sidhani pua ya msimamizi ilikuwa mbovu. Pua yake ilikuwa imefundishwa bei. Na hiyo ndiyo kesi yangu yote: tukiambiwa harufu ipi ni ya mwanaume, harufu ipi ni safi, harufu ipi ni ya kazini, mara nyingi tunaambiwa nani anastahili kukaa kwenye hicho kiti. Mtoto wa Lamu, Msomali wa Eastleigh anayetoka nyumba iliyochomwa uunsi, mama muuza samaki ndani ya matatu: hao ndio "wananuka". Mwenye chupa ya duty free, hata akijimwagia nusu yake mpaka abiria wote wafungue madirisha, huyo "ananukia".

Najua kuna atakayesema, "Buda, unga umepanda, wewe unatuletea habari za maua." Sawa. Lakini ni kwa sababu doo ni kidogo ndiyo nasema usiitupe. Mwenye pesa nyingi akinunua chupa mbaya, anampa dereva wake. Wewe ukinunua mbaya, utaivaa mwaka mzima.

Kwa hivyo nunua hivi. Nenda dukani bila kujipaka kitu. Jaribu mbili, zikizidi sana tatu, kila moja kwenye mkono wake, moja kwa moja kwenye ngozi. Kisha toka nje. Tembea, panda matatu, kula chakula cha mchana, rudi kazini. Nusa baada ya nusu saa, nusa baada ya saa nne. Kama saa nne baadaye bado unaipenda, hiyo ndiyo ya kujadiliana bei. Muuzaji akikununia kwa sababu uliondoka mkono mtupu, mwache anune.

Soma maandishi madogo. Eau de Cologne kwa kawaida ina mafuta ya manukato asilimia 2 hadi 5, Eau de Toilette 5 hadi 15, Eau de Parfum 15 hadi 20. Hiyo ni desturi ya biashara, na asilimia kubwa haimaanishi marashi bora. Angalia pia unaishi wapi. Joto huzirusha molekyuli. Ile vanila nzito inayokufaa Nairobi kwenye baridi ya Julai itakukaba Mombasa mwezi wa Februari, wewe na walioketi karibu nawe. Pwani mchana, ndimu na bergamoti zitakutendea haki. Jipake mafuta ya ngozi kwanza, maana ngozi kavu haishiki harufu. Na pua yako ikiacha kuisikia, usiongeze. Pua huzoea, ya jirani bado inapata habari.

Na ile laini ya chupa inayosema "for men", "for women", iruke. Ipite kama unavyopita wale wa kugawa karatasi za ploti. Nusa waridi. Nusa asumini. Nenda Mji wa Kale Mombasa au Eastleigh, uliza mafuta ya udi, upimiwe mililita tatu kwenye kichupa cha kuviringisha. Ukikuta hayakufai, basi, umejua kwa pua yako.

Na siku mwenzako wa ofisini akiingia na shati lililofukizwa, halafu mtu aanze kukunja uso, usicheke naye. Muulize huyo mwenye kukunja uso amejipaka nini leo, na ndani yake mna nini. Mpe muda ajibu.