Kufuli ya Simu na Amana za Watu

Wako watu wajisifuo kwamba simu zao hazina kufuli. Ukiwauliza sababu hujibu, "Sina siri, afichaye ndiye mwenye kosa." Neno hili hupendeza masikioni, lakini nakusihi, msomaji, ulipime kabla hujalikubali.

Simu si kasha la mwenyewe peke yake. Ndani yake mna picha za marafiki, na maneno ambayo wenzako walikuandikia wakiamini kuwa hayatasomwa na mwingine. Tena, tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, simu imekuwa mfuko wa fedha: humo hukaa karo ya mtoto na akiba ya chama. Hata kama wewe huna siri, wenzako wanazo. Aliyewekewa amana hana ruhusa ya kuiacha mlangoni kwa kuwa yeye haogopi wezi.

Kufuli yenyewe si kazi ngumu. Nambari ya siri ya tarakimu 4 yaweza kupangwa kwa namna 10,000. Ya tarakimu 6, kwa namna 1,000,000. Simu nayo humchelewesha akoseaye mara nyingi, hata kubahatisha kukamchosha. Anayeona uzito wa kuandika nambari kila mara aweza kutumia alama ya kidole.

Lakini yuko mlinzi mmoja ambaye wengi wamemwacha amelala, naye ni nambari ya siri ya laini. Mwizi akishindwa na kufuli ya simu huichomoa laini, akaitia katika simu nyingine, akapokea ujumbe wa nambari za muda zitumiwazo kufungulia akaunti. Laini yenye nambari yake ya siri humkatalia. Akikosea mara 3 hujifunga, isifunguke ila kwa nambari nyingine ndefu iliyotolewa na kampuni. Ulinzi huu haugharimu hata senti moja. Kuuacha ni uvivu, wala si wema.

Tena jihadhari na rafiki akuambiaye, "Kama wanipenda, nipe nambari yako." Huyo haombi upendo, aomba ufunguo. Na kufuli haiwezi kumlinda mtu amtajiaye mgeni nambari yake ya siri kwa sababu mgeni huyo amepiga simu na kujiita mfanyakazi wa benki.

Huenda ukasema kwamba wewe ni mwanafunzi, na simu huna. Mama anayo. Ukirudi nyumbani likizoni, keti naye, umwonyeshe mahali pa kuwekea kufuli ya simu na nambari ya laini. Kisha, anapoziandika nambari zake, geuza uso wako utazame pembeni. Hapo utakuwa umemfundisha mambo mawili: namna ya kujilinda, na namna mtu mwaminifu aiheshimuvyo siri ya mwenziwe.