KARAFUU ILIYOUZWA MTINI



Kila ukaribiapo msimu wa karafuu watu wetu, khasa wa Pemba, hukaa wakiingojea bei kama waungojeao mwandamo wa mwezi. Bei ni jambo kubwa, wala sikusudii kulidharau. Tangu 2011 imesemwa kuwa mkulima apewe asilimia 80 ya bei ya nje, na kwa miaka kadhaa baada ya hapo kilo ya daraja la kwanza ikanunuliwa kwa Shs. 14,000. Hayo ni mema, na mwenye kuyakanusha hana insafu. Lakini na tuulize: ni nani aifikishaye karafuu hiyo mizanini? Kwani fedha hulipwa mwenye kuleta gunia. Mizani haimuulizi mtu kama mkarafuu ni wake au aliununua ukiwa bado haujatoa hata kikonyo.

Mimi ni mwenye duka. Daftari langu lanieleza mambo ambayo redio haiyasemi. Katika miezi ya masika, mpunga haujavunwa na akiba imekwisha, ndipo majina yanapojaa: mchele, unga, mafuta ya taa, daftari za skuli. Kisha jina moja hulipa deni lote kwa siku moja, na karafuu bado hazijachumwa. Hapo hujua kuwa mti umekwisha kuuzwa.

Hebu tufanye hesabu, na hesabu hii ni mfano wangu tu. Mtu ana mikarafuu kumi, na kila mmoja watoa kilo tatu kavu. Hizo ni kilo 30, na kwa Shs. 14,000 ni Shs. 420,000. Karafuu ikikauka hubaki kama thuluthi ya uzito wake, kwa hiyo zitachumwa kilo 90 mbichi. Mchumaji akilipwa Shs. 1,000 kwa kilo, 90,000 zimekwenda. Tuweke 30,000 kwa kuchambua, majamvi, magunia na gari. Zabaki 300,000. Sasa, ikiwa mwenye shamba aliuza mtini mwezi wa Aprili kwa 120,000, basi 180,000 ni za mnunuzi. Aliyepalilia, na aliyengoja miaka sita au minane hata mche ukazaa, amepata chini ya thuluthi ya bei iliyotangazwa. Ziko wapi zile asilimia 80?

Mnunuzi naye atajibu kuwa amebeba khatari. Ni kweli. Mkarafuu una tabia yake: mwaka huu huelemewa, mwaka ujao huwa majani matupu, na mvua ikizinyea karafuu zilizo juani huchacha, zikapauka na kushuka daraja. Lakini ndiyo maana ya kukatazwa katika Hadithi kuuza matunda kabla ya kudhihirika uzima wake, jambo alijualo kila aliyekaa darasani. Mmoja hununua asichokiona, na mwingine huuza asichokijua, na dhiki ndiyo dalali wao.

Wala maradhi haya si mapya. Mwaka 1934, katika zama za Waingereza, ilitolewa sheria ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasichukuliwe kwa madeni na watu wengine. Na mwaka 1937 Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, iliyoundwa 1927, ikapewa mamlaka makubwa juu ya ununuzi. Wafanyi biashara wa Kihindi wakaigomea, na kelele zikafika mbali. Baada ya 1964 watu wakagawiwa heka tatu tatu. Mkopeshaji alifukuzwa, mnunuzi akabadilishwa, ardhi ikabadilishwa. Ule muda wa njaa baina ya Machi na Julai haukuguswa na mtu. Na ndio uliozaa deni.

Mkopo wa kuchumia, utolewao karafuu zikiwa tayari, ni msaada, lakini humkuta mtu aliyekwisha uza. Ninaloliona mimi ni kuwa anayenunua peke yake kwa mujibu wa sheria hana budi kuwa wa kwanza kutoa fedha mapema. Njia ipo katika fikihi yetu, nayo ni bei ya salamu: fedha zote zitolewe siku ya mapatano, uzito, daraja na siku ya kuleta vijulikane, wala lisitajwe shamba fulani au mti fulani. Ifanywe mwezi wa Machi, kwa sehemu ndogo tu ya mavuno yatarajiwayo, tuseme robo, ili mwaka wa majani matupu usimzamishe mtu. Robo tatu zilizobaki ziuzwe mizanini kwa bei ya siku hiyo. Na bei ya nje ibandikwe kila kituo cha kununulia, ili mwenye kujua hesabu aipige mwenyewe hiyo asilimia 80.

Kabla ya kulipeleka jambo hili mbele, twahitaji ushahidi. Kila tawi liandike, bila ya kutaja majina ya watu, ni mikarafuu mingapi iliyouzwa mtini msimu uliopita, katika mwezi gani na kwa kiasi gani. Karatasi hizo ziletwe kwa katibu kabla ya mwisho wa Februari, kwani ikiingia masika wanunuzi wa mtini watakuwa wamekwisha pita majumbani.