Kazi Moja, Si Kazi Nne



Katika mwaka wangu wa mwisho shuleni tuliulizwa katika mtihani jinsi seli inavyotengeneza RNA ya ujumbe. Nikaandika kama nilivyokariri: kwanza jeni hunakiliwa, pili RNA huvikwa kofia, tatu vipande visivyotakiwa hukatwa na vilivyobaki huunganishwa, nne hutiwa mkia wa adenini. Nikapewa alama zote. Tulipotoka nje, mwenzangu akaniuliza, “Ni nani awaambiaye mafundi hao kwamba zamu yao imefika?” Sikuwa na jibu, na tangu siku ile naona alama zile sikuzistahili.

Jibu nililipata baadaye. Kimeng’enya kinachonakili jeni zinazotoa RNA ya ujumbe huitwa RNA polimerasi ya pili. Protini yake iliyo kubwa kuliko zote ina sehemu ya mwisho iliyo kama kamba inayoning’inia. Sehemu hiyo ni asidi amino saba zinazorudiwa tena na tena: kwa binadamu mara 52, kwa hamira mara 26. Kamba hii hainakili herufi hata moja. Kazi yake ni kuwashika mafundi wengine wawe karibu.

Kunakili kukianza, asidi ya tano katika zile saba hutiwa fosfeti, na alama hiyo huwavuta mafundi wa kofia. Ndiyo maana RNA huvikwa kofia ingali fupi, ya herufi 20 hadi 30 tu. Kimeng’enya kikisonga mbele, asidi ya pili nayo huzidi kutiwa fosfeti, na kamba huwashika wale wa kukata mwisho na kutia adenini. Wakataji wa vipande vya katikati nao mara nyingi huanza kazi kabla jeni haijakwisha kunakiliwa. Mwaka 1997 wataalamu walieleza habari za seli ambazo kamba hiyo ilifupishwa: uunganishaji wa vipande ukaharibika, na mwisho wa RNA haukukatwa vema.

Basi hizi si kazi nne zinazongojana, bali ni kazi moja yenye mikono mingi.

Wako watakaosema kwamba orodha ni rahisi kukumbuka. Nakubali, kwa anayeanza yafaa. Lakini akiishia hapo, amejua majina ya mafundi bila kuijua kazi. Tazameni thalasemia ya beta. Wako wagonjwa ambao herufi moja tu ya jeni imegeuka, na wakataji wakakata mahali pasipo pake, hata damu ikapungukiwa na hemoglobini. Jeni yao hunakiliwa. Kosa huja katika kukata. Daktari aliyekariri hatua bila kuuliza zinavyoshikana atalitafutaje kosa kama hilo?

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi: kila mkutanapo na “kwanza, pili, tatu” katika daftari, ulizeni ni kitu gani kinachoziunganisha. Nanyi wazee wa shule mliokuwa walimu na waganga, ulizeni swali lile la mwenzangu katika mitihani yenu, ijapokuwa litawapunguzia vijana alama. Mimi lingenipunguzia, na lingenifaa zaidi.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye lake na aliandike.